Bega Likiumia, Mtupo wa Mbali Hufa Kwanza



Mwezi huu ukurasa wetu unahusu bega, na hasa bega la mtu anayetupa: msichana anayecheza mpira wa pete, golikipa, mwanafunzi anayetupa mkuki katika michezo ya UMISSETA, na mvuvi anayetupa kimia. Watu hawa huchelewa sana kuja hospitali. Aliyevunjika mguu huletwa siku ile ile, maana hawezi kutembea. Aliyeumia bega anatembea, anakula, anakwenda Misa, anasalimiana na watu, na hata mpira anautupa. Ila haufiki pale ulipokuwa ukifika.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwalimu wa michezo anasema binti amekuwa mvivu. Wenzake chomboni wanasema kijana amelegea, labda ameanza ulevi. Nyumbani bibi anahisi kuna jirani aliyemwonea mjukuu wake wivu. Kumbe mtu ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe una dalili moja ambayo mzazi yeyote anaweza kuitambua bila kipimo: mtupo wa karibu ungali mzuri, lakini mtupo wa mbali umekufa.

Kwa nini iwe hivyo? Ili tuelewe, tuanze na jinsi Mwenyezi Mungu alivyoliumba bega.

Kiungo cha nyonga ni kama mchi ndani ya kinu. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani, na ni shida kukitoa. Bega si hivyo hata kidogo. Chukua chungwa la Muheza uliweke juu ya mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono, na kikombe ni shimo la bapa la bega. Sehemu kubwa ya chungwa iko nje. Inayogusa kikombe ni kama robo tu au theluthi. Na tena shimo la bega si refu kama kikombe, ni bapa kama kisahani. Kwa sababu hiyo mkono wako unaweza kuzunguka pande zote, kujikuna mgongoni, kuchuma embe na kumbeba mtoto. Gharama yake ni kwamba chungwa linaweza kudondoka.

Linazuiwa na vitu vitatu. Kwanza kuna ukingo wa gegedu unaozunguka shimo na kuliongezea kina, kama ukingo unavyozunguka ungo. Pili kuna mfuko wa kano unaofunika kiungo chote. Tatu, kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa la bega na kushika kichwa cha mfupa kwa mbele, kwa juu na kwa nyuma. Mliowahi kupanda jahazi mnajua jinsi mlingoti unavyoshikwa na kamba za pande zote, na kwamba kamba moja ikilegea mlingoti unaanza kucheza. Misuli hiyo minne ndiyo kamba za bega. Ile mikubwa inayoonekana kifuani na mabegani mwa vijana ndiyo inayosukuma, lakini hii midogo isiyoonekana ndiyo inayoshikilia.

Sasa tazama mtu anapotupa. Watu wengi hudhani nguvu ya mtupo hutoka mkononi. La hasha. Huanza kwenye nyayo, hupanda magotini, hupita kwenye nyonga na kiuno kinachozunguka, hufika kifuani, ndipo inapoingia begani na kutoka kwa kidole. Mkenya Julius Yego, aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama picha za video katika intaneti, alitupa mkuki mita 92.72 huko Beijing mwezi Agosti 2015 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Rio, mtupo wake wa kwanza ulifika mita 88.24 na kumpa medali ya fedha. Kisha akaumia, akashindwa kuendelea. Alichoumia ni kifundo cha mguu. Nasi Tanzania tulikuwa na mtupa mkuki wetu, Zakayo Malekwa, aliyeshiriki Olimpiki za mwaka 1980, 1984 na 1988, na wazee waliomwona akitupa watawaambia kwamba mkuki hutupwa kwa mwili mzima.

Kwa hiyo bega ni mlango ambao nguvu yote ya mwili inapita. Mkono huvutwa nyuma mpaka kiganja kinatazama juu, kisha hugeuka mbele kwa kasi kubwa sana. Wataalamu huhesabu mgeuko huo kuwa miongoni mwa mienendo ya haraka kuliko yote ambayo mwili wa binadamu unaweza kufanya. Na baada ya mpira kutoka, mkono lazima usimamishwe, la sivyo ungechomoka. Kazi hiyo ya breki hufanywa na ile misuli midogo ya nyuma.

Hapa tunafika kwenye kiini. Anayetupa karibu hana haja ya kuvuta mkono nyuma kabisa, wala hana haja ya kasi yote, na breki yake ni ndogo. Anayetupa mbali anahitaji vyote vitatu kwa ukamilifu. Ukingo wa gegedu ukiwa umechanika kwa mbele, ule mkao wa mkono kuwa nyuma ndio hasa unaolifanya chungwa litake kudondoka. Mwili unalijua hilo na unakataa kufika pale, hata kama mchezaji mwenyewe anataka. Kamba za nyuma zikiwa zimechoka au zimechanika, mwili unakataa kuongeza kasi, kwa sababu unajua breki ni mbovu. Dereva mwenye akili hufanya hivyo hivyo anapoteremka Lushoto na lori lenye breki mbaya: anakwenda polepole. Basi kijana haongopi anaposema, "Natupa kwa nguvu zangu zote." Ni kweli, ni zote alizoruhusiwa na bega lake.

Kuna na hesabu kidogo, nayo naomba akina baba waipigie wenyewe. Umbali ambao kitu kilichotupwa hufika hufuata kasi mara kasi. Golikipa anayeweza kutupa mpira mita 40 akipoteza sehemu moja tu ya kumi ya kasi ya mkono wake, mpira utaanguka karibu mita 32. Akipoteza robo ya kasi, utaanguka mita 22 au 23. Akipoteza nusu nzima ya kasi, bado utafika mita 10! Na mita 10 na kidogo ndio urefu wa sehemu moja kati ya zile tatu za uwanja wa mpira wa pete. Ndiyo maana binti mwenye bega bovu anaweza kucheza mechi nzima kwa pasi fupi, watu wakampigia vigelegele, na asigundulike mpaka siku anapotakiwa kupeleka mpira mbali.

Jambo hili limeonekana wazi kuliko popote katika mchezo mmoja wa Marekani. Huko wana mpira wao wenye ncha mbili kama yai, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Mchezaji mmoja katika kila timu, anayeitwa kwotabeki, kazi yake kubwa ni kurusha mpira kwa wenzake. Uzito wa mpira huo ni gramu 400 na kidogo, karibu sawa na mpira wetu wa pete. Pasi inayosafiri hewani zaidi ya mita 18 hivi huhesabiwa kuwa ndefu, na zipo zinazofika mita 50 na zaidi. Kwa kuwa mchezo huo una fedha nyingi, kila pasi hupimwa na kuandikwa, na bega la kwotabeki likiumia nchi nzima inajua. Ndiyo maana nautumia kama mfano, si kwa sababu naufahamu sana. Vijana wa parokia wamenionyesha katika simu, na mpaka leo sielewi kwa nini wanarundikana vile.

Kwotabeki mmoja, Andrew Luck wa timu ya Indianapolis Colts, aliumia bega la kulia, yaani la kurushia, mwezi Septemba 2015. Aliendelea kucheza nalo, akipumzika mara kwa mara, mpaka akafanyiwa upasuaji Januari 2017. Msimu wote wa 2017 hakucheza hata mechi moja. Alipoanza kurusha tena mwaka 2018, alianza na mpira mdogo kuliko ule wa kawaida. Kisha akarudi uwanjani. Tarehe 23 Septemba 2018 timu yake ilikuwa nyuma dhidi ya Philadelphia Eagles na zimebaki sekunde chache; kilichotakiwa ni pasi moja ya mbali mno, ya kubahatisha. Kocha akamtoa Luck, akamwingiza msaidizi wake Jacoby Brissett airushe pasi hiyo moja. Kwa nini? Brissett alikuwa na mkono wenye nguvu zaidi kwa umbali ule. Wakati huo huo Luck alikuwa anarusha pasi za kawaida vizuri tu, na mpaka msimu ule unakwisha alikuwa amerusha pasi 39 za kufunga, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerudi vizuri. Mtu yule yule, mwezi ule ule: pasi za karibu na za kati zimepona, ile ya mbali kabisa bado.

Nampenda kocha yule kwa kitendo hicho, ingawa watu walimcheka. Hakumwita mchezaji wake mvivu. Alijua bega lake limefika wapi katika kupona, akampa kazi ya kiasi hicho.

Na kabla ya Luck alikuwepo Drew Brees. Yeye bega lake la kurushia liliteguka tarehe 31 Desemba 2005, ukingo wa gegedu ukachanika kuzunguka shimo lote, na moja ya zile kamba nne ikachanika kiasi. Wengi walidhani amekwisha. Alifanyiwa upasuaji Januari 2006, akafanya mazoezi ya viungo kwa miezi mingi, akacheza tena mwaka ule ule, akaipa New Orleans Saints ubingwa Februari 2010, na hakustaafu mpaka mwaka 2021. Sifa yake kubwa ilikuwa kulenga. Kupona hivyo si kwa kila mtu, na hakukuwa bure, lakini inafaa tujue kwamba kunawezekana.

Turudi pwani kwetu. Mabegani mwa watu tunaowapokea huwa kuna mambo mawili tofauti, nayo yasichanganywe.

La kwanza ni bega lililoteguka ghafla. Golikipa ameanguka mkono ukiwa umenyooshwa. Mkwezi wa minazi ameteleza akaning'inia kwa mkono mmoja. Kijana ameanguka na bodaboda. Utaona bega limepoteza ule mviringo wake, limekuwa na pembe. Mgonjwa ameushika mkono ulioumia kwa mkono mzima na hataki mtu auguse. Tafadhali, msimvute. Najua desturi ya kumlaza mtu chini, kumtia mguu kwapani na kuuvuta mkono, na najua kwamba wakati mwingine mfupa hurudi na fundi akasifiwa. Lakini huwezi kujua kwa macho kama mfupa umeteguka tu au umevunjika pia, na kwapani ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu pamoja na mishipa ya fahamu ya mkono mzima. Nimewahi kumpokea mtu aliyevutwa na watu watatu kwa zamu. Bega lilirudi, lakini msuli wa juu wa bega ulilala miezi mingi kwa sababu mshipa wake wa fahamu ulinyongwa.

Fanyeni hivi: mwacheni aushike mkono katika mkao anaousikia afadhali, wekeni khanga iliyokunjwa au mto mdogo kati ya mkono na mbavu, fungeni kwa kitambaa kinachoning'inia shingoni. Mvueni saa, pete na bangili, kwa sababu vidole vitavimba. Mgusishe upande wa nje wa bega na vidole vyote, mumwulize kama anasikia. Kama kuna ganzi, au vidole ni baridi na vimekuwa vyeupe, msingoje asubuhi. Asipewe chakula njiani, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi wakati wa kurudishiwa bega. Hospitali watapiga eksirei, watampa dawa ya maumivu, watalirudisha kwa utaratibu, kisha watapiga eksirei tena. Bega likirudishwa siku ile ile ni kazi ndogo. Likikaa wiki tatu nje, mara nyingi linahitaji kupasuliwa.

Jambo moja wazazi hawaambiwi vya kutosha: kijana chini ya miaka 20 akiteguka bega mara moja, yuko katika hatari kubwa ya kuteguka tena, kwa sababu ule ukingo wa gegedu aghalabu huchanika na haushiki tena mahali pake. Mzee wa miaka 60 haliteguki tena kirahisi, lakini yeye mara nyingi huchanika kamba. Kwa hiyo kijana ambaye bega limetoka mara ya pili au ya tatu asizoee kujirudishia mwenyewe kama anavyorudisha kofia kichwani. Apelekwe kwa daktari wa mifupa: Bombo, au KCMC Moshi, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili.

La pili ni bega linaloisha polepole, nalo ndilo la wavuvi wetu wa Kigombe, Tongoni na Sahare. Hakuna siku ya kuanguka. Kimia kimetupwa maelfu ya mara, kikiwa kimelowa, na risasi zote pembeni, huku mtupaji amesimama juu ya ngalawa inayoyumba. Hapo msaada wa miguu ni mdogo, kwa sababu huwezi kukanyaga kwa nguvu juu ya chombo kinachotikisika. Bega linabeba kazi ya nyonga. Dalili ya kwanza ni maumivu ya usiku anapolalia upande ule. Ya pili ni maumivu mkono unapopanda katikati, usawa wa bega, kisha yanapungua ukifika juu. Ya tatu anaiona mwenyewe majini: kimia hakifunguki tena duara. Kinaanguka karibu na ubavu wa chombo, kimejikunja kama kanga iliyolowa, na samaki wamekwenda zao.

Mtu wa namna hii hujitafutia njia. Anashusha kiwiko, anapinda mgongo, anatupa kwa ubavu. Kwa muda inasaidia. Baada ya miezi anakuja na maumivu ya kiwiko na ya kiuno, na bega halijapona. Wachezaji nao hufanya vivyo hivyo. Mzazi ukimwona mtoto amebadilisha namna ya kutupa bila kufundishwa, muulize bega.

Siku mbili za kwanza baada ya kuumia, weka baridi. Barafu ya samaki inafaa kabisa, ila ifungwe ndani ya kitambaa, dakika 15 hivi, isigusane na ngozi. Usichue kwa nguvu wala kukanda kwa maji ya moto siku hizo, kwa sababu utaongeza uvimbe. Baadaye joto la kiasi na mafuta ya nazi hayana ubaya. Mafuta hayajawahi kumdhuru mtu, kinachodhuru ni vidole gumba vya mchuaji. Vidonge vya diklofenaki visiliwe kama karanga. Huchoma tumbo na kuumiza figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Sindano ya ndani ya bega husaidia baadhi ya watu, lakini ikirudiwa rudiwa hudhoofisha kano, na anayemeza kidonge au kuchomwa sindano ili acheze fainali anazima kengele huku nyumba inaungua.

Kufunga mkono shingoni kuna mwisho wake. Kwa bega lililoteguka ni wiki mbili au tatu kama daktari alivyosema, na kwa wazee huwa pungufu. Nimewaona akina mama waliofunga mkono miezi miwili kwa kuogopa, na walipoufungua bega lilikuwa limeganda, hawawezi kusuka nywele wala kufunga kilemba. Wenye kisukari hugandwa na bega kirahisi zaidi kuliko wengine. Hata mkono ukiwa umefungwa, vidole, kifundo na kiwiko vichezeshwe kila siku.

Kisha mazoezi, na hapa ndipo wengi wanapotushinda. Watu wanapenda dawa kuliko mazoezi. Anza kwa kuinama, mkono mzima ukishika meza, ule mgonjwa ukining'inia kama kamba ya kisima, ukizunguka taratibu. Baada ya siku kadhaa tembeza vidole ukutani kupanda juu, kila siku ukipita alama ya jana. Maumivu makali yakipungua, tafuta mpira wa ndani wa baiskeli, ukate ukanda, ufunge kwenye mwimo wa mlango. Kunja khanga uibane kati ya kiwiko na ubavu isidondoke, kunja kiwiko kama herufi L, kisha vuta ule mpira kwenda nje, na baadaye geuka uuvute kwenda ndani. Mara 10 hadi 15, upumzike, urudie mpaka zamu tatu. Unaonekana mchezo wa watoto, lakini unafunza zile kamba nne ambazo kunyanyua vyuma hakuzifikii. Mwisho, sukuma ukuta kwa mikono miwili ili kuliimarisha bapa la bega. Na miguu isisahauliwe: kuchuchumaa na kusimama, kuzungusha kiuno. Aliyekaa miezi mitatu bila kukimbia atamtwisha bega lake mzigo wa miguu iliyolala.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kushona ukingo, kutupa kidogo kidogo huanza kwenye mwezi wa nne hivi, na kurudi kikamilifu huchukua miezi sita hadi mwaka. Mtupo wa mbali huwa wa mwisho kurudi, na kwa wengine haurudi wote.

Watoto wana shida yao ya pekee. Kati ya miaka 11 na 16 mfupa wa mkono bado unakua kutoka kwenye ukanda laini ulio karibu na bega, na mtoto akitupa kila siku bila kupumzika ukanda huo unaweza kuumia hata kama hajaanguka. Uzito wa mkuki nao una sababu yake: wanaume hutumia gramu 800 na wanawake gramu 600, lakini wavulana chini ya miaka 18 hutumia gramu 700 na wasichana gramu 500. Shule yenye mkuki mmoja tu wa gramu 800 isimpe binti wa kidato cha pili. Mtoto mwenye maumivu ya bega kila anapotupa aache kutupa kabisa, mara nyingi kwa miezi mitatu hivi, akiendelea kukimbia na kucheza kwa miguu. Walimu, nawasihi sana katika hilo.

Na si kila bega linalouma limeumia kwa kutupa. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yaweza kuwa ya moyo. Nendeni hospitali saa ile ile. Bega lenye joto na uvimbe pamoja na homa, au linalouma usiku na mchana huku mtu anakonda, linataka kupimwa, maana hata kifua kikuu hukaa katika viungo.

Wavuvi huniuliza: "Sista, wiki sita nikae bila kutupa, watoto watakula nini?" Swali ni la haki. Mwombeni mwenzenu atupe kimia, ninyi mshike pondo au usukani kwa mkono mzima, au mshone nyavu ufukweni mpate sehemu yenu. Jumuiya ndogo ndogo nazo ziangalie nyumba ya namna hii, kwa sababu hakuna anayeona jeraha. Wakati wa kurudi ukifika, anza na kimia kikavu, umesimama mchangani, miguu imekanyaga imara. Tupa karibu, nusu ya nguvu, siku moja utupe na siku moja upumzike. Ongeza hatua chache kila wiki. Usiku ukiuma, rudi hatua moja nyuma. Kimia kikifunguka duara mara kumi pale mchangani na usiku ukalala vizuri, kiloweshe, urudie kwa namna ile ile; ndipo upande ngalawa.